Mguu Mtupu Unapumzika

Mama Vaileth Lupakisyo, ambaye hapa kituoni tunamwita Mama Happiness kwa jina la binti yake wa kwanza, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kuitumikia kazi ya dawa za majani kwa miaka ishirini na sita. Muda huo wote cheo chake kwenye karatasi kilikuwa Msaidizi wa Maabara Daraja la Pili. Kazi yake halisi ilikuwa kuumwa na mbu. Aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye banda letu la Mikumi, na mbu wenyewe wangealikwa kwenye sherehe hii wangekuja wengi kuliko sisi, na wangelia kwa dhati zaidi.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na ofisi. Ofisi iliandika kweli, ikamwita mtumishi mahiri, mwadilifu na mchapakazi. Mama Happiness aliposomewa akauliza kama anayesifiwa bado yu hai. Ndipo kazi ikashushwa kwetu sisi wa kinu, tunaotwanga majani, kwa hoja kwamba tumekaa naye karibu. Hilo ni kweli. Tulikaa naye karibu sana, na sababu mtaiona mbele.

Alizaliwa Kimamba, kwenye nyumba za zamani za wakata mkonge. Baba yake, mzee Lupakisyo, alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge kwa misimu miwili kisha arudi kwao na mabati. Akazikwa hapahapa Kimamba. Sisi tuliotoka mbali tunaijua hiyo misimu miwili, wala hatumcheki. Binti yake alisoma mpaka darasa la saba, akauza vitumbua stesheni, akaolewa na Bwana Damiano wa Kidete, fundi wa njia ya reli, mtu mwenye sauti ya kuita treni bila filimbi. Walijenga Kidete, nyumba yenye kibaraza kinachotazama mto Mkondoa. Kumbukeni kibaraza hicho.

Kituo chetu kilipofunguliwa hapa Kimamba kwenye godauni la mkonge, tangazo lilisema wanatafutwa vibarua. Watu wakaja asubuhi, wakapangwa kwenye benchi nje. Mkuu wa kituo, Daktari Nassir, wakati ule akiwa bado na nywele, aliahidi kufika saa nne. Akafika jua linazama. Waliokuwa kwenye benchi walikuwa wametulia, wanapiga soga, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa anajipiga miguu, mikono na shingo kama mtu anayecheza ngoma ya peke yake. Daktari akasimama akamwangalia kwa furaha ambayo mkewe huenda hajawahi kuangaliwa nayo.

"Mama, wewe mbu wanakupenda hivi kila siku?"

"Shikamoo daktari. Tangu nazaliwa."

"Marahaba. Umeajiriwa."

Wengine humu tuliajiriwa kwa vyeti, na wengine kwa shemeji. Yeye aliajiriwa kwa damu.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajui tunachofanya, ni hivi. Tunakata majani ya kivumbasha, mchaichai, mkaratusi na mwarobaini. Tunayaanika kivulini, tunayatwanga, tunayapika kwenye pipa kwa mvuke, na mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi. Upande wa pili yanadondoka maji yenye mafuta yanayoelea juu. Mafuta hayo yanakwanguliwa, yanachanganywa na mafuta ya nazi, na hapo ndipo wasomi wanapoanza kuyaita dawa. Sisi tunayaita mafuta mpaka yafukuze mbu.

Kujua kama yanafukuza, kuna banda Mikumi, pembeni ya bwawa, nje kidogo ya mji. Jioni za majaribio tunakaa kwenye stuli kwa mstari, suruali zimekunjwa mpaka magotini, peku. Kila mtu ana mrija wa kioo. Mbu akitua mguuni unamfyonza kwenye mrija kabla hajauma. Ndani ya mrija kuna kipande cha wavu ili mbu asikufike kooni. Wavu ukitoboka, unakuwa umekula. Vidonge vya kinga ya malaria tunamezeshwa, tena nesi anasimama mpaka aone koo limecheza.

Mstari mzima unapakwa dawa isipokuwa mtu mmoja. Huyo anaitwa mguu mtupu. Mbu wake wanalinganishwa na mbu wa waliopakwa, na tofauti ndiyo inayopelekwa kwenye mikutano yenye chai ya maziwa. Mama Happiness alikuwa mguu mtupu wetu tangu siku ya kwanza, na stuli yake ilikaa katikati.

Kazi hiyo ina sharti moja. Mguu mtupu haupakwi kitu. Si dawa, si mafuta ya mgando, si losheni ya harusini, hata nyumbani, hata siku za mapumziko, kwa sababu harufu hukaa kwenye ngozi na kuharibu hesabu za wasomi. Mama Happiness aliambiwa sharti hilo akalikubali akidhani ni jambo dogo. Kwa hiyo mwanamke aliyezungukwa na mapipa ya dawa ya mbu ndiye mtu pekee wilaya nzima ya Kilosa aliyekatazwa kuitumia. Ngozi ya miguu yake ilipauka, na wanawake wenzake wa kwaya wakaanza kumuonea huruma wakidhani mume hamnunulii mafuta. Mzee Damiano alisemwa sana pale Kidete kwa kosa la kisayansi.

Mbu wa Mikumi waliheshimu katikati ya mstari. Sisi tuliopakwa tulikaa tukiwahesabu wawili, watatu, huku yeye akijaza mrija baada ya mrija bila kupumzika, akiimba tenzi kwa sauti ya chini na kuzikatiza panapohitajika kufyonza. Tuliona dawa yetu ina nguvu za ajabu. Daktari Nassir naye aliona hivyo, akaitia kwenye makopo na kuipa jina la Jioni Njema. Na kila mtu mwenye akili alipenda stuli iliyo jirani na ya Mama Happiness, maana hapo hata yule mbu mmoja hakufiki. Dereva wetu, Hussein, alikuwa anasogeza stuli yake kidogokidogo mpaka magoti yanagusana.

"Hussein," Mama alimwambia siku moja, "ungekaa karibu hivi na mkeo usingelala kwenye gari."

Hussein hakusogea. Aliona bora aibu kuliko mbu.

Sasa turudi kwenye kile kibaraza cha Kidete. Mto uko karibu, madimbwi hayaishi, na mbu wa pale hawana aibu. Mzee Damiano anapenda kukaa nje jioni na redio yake, anasikiliza mpira, anamtukana mwamuzi, anasalimiana na wapita njia. Mkewe hawezi. Giza likianza kuingia anakimbilia ndani, anafunga mlango, anakaa nyuma ya dirisha lenye wavu. Basi mazungumzo yao yote ya jioni, tangu Happiness hajaota meno mpaka Happiness mwenyewe ana watoto, yamepitia dirishani.

"Mama Happiness, umesikia? Penalti."

"Nimesikia. Nani kapiga?"

"Wewe hata nikikutajia utamjua?"

"Nitaje nimjue basi, Baba Happiness."

Wapita njia walizoea kumuona mzee anaongea na ukuta. Wageni wa kijiji walimpa pole. Mwenyewe alijisifu kwamba mbu hawamgusi kwa sababu ana damu ya reli, imejaa grisi na kutu, wakiinywa wanavimbiwa. Alijisifu hivyo miaka mingi. Ukipita pale jioni uliona wavu wa dirisha umekuwa mweusi kwa mbu wanaomchungulia mkewe, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba damu yake haijawahi hata kuonjwa.

Sisi tuliokuwa tunapewa chai pale tulisikia mara nyingi maneno aliyokuwa anayasema Mama Happiness akikusanya vikombe kabla ya jua kuzama. Alisema hataki nyumba ya ghorofa wala kwenda kuona bahari. Anataka kabla hajafa akae nje ya nyumba yake jioni moja, nzima, kama watu. Alisema kwa kucheka, kwa hiyo sisi wapumbavu tukawa tunacheka naye.

Miaka michache iliyopita alifiwa na baba yake mdogo, akaenda Tukuyu kwenye matanga. Wiki hiyohiyo wakaja wageni Mikumi kuona dawa. Alikuwemo Bi Joyce, mwenye nyumba ya kulala wageni wanaokuja mbugani, aliyekuwa ameshajaza makopo ya Jioni Njema kwenye vyumba vyake vyote. Yusrah, mtafiti wetu mpya, mtoto wa juzi kutoka chuo, akauliza nani atakaa mguu mtupu. Daktari Nassir akasema hakuna haja, wageni wanataka kuona mafanikio, hawakuja kuona mtu anaumwa. Wote wakapakwa. Wageni wakapakwa, Daktari akajipaka mpaka masikioni, na hotuba ikaanza.

Hotuba ilihusu utajiri wa misitu yetu. Katika aya ya kwanza Daktari alijipiga shingo. Katika aya ya pili alijipiga kifuani akaendelea kama vile anasisitiza jambo. Mgeni mmoja akasimama, akakaa, akasimama tena. Mirija yetu ikajaa mpaka tukakosa pa kuwaweka. Sisi wa kinu tunaojua kila jani lililoingia kwenye lile pipa tulikuwa tunaliwa na kila mbu wa bwawa lile, na mafuta yanang'aa miguuni.

Bi Joyce akanyanyua mguu wake, akautazama, akamtazama Daktari.

"Daktari, samahani. Hii dawa yenu inawafukuza au inawaita?"

"Inafanya kazi taratibu," akasema Daktari, na kujipiga paji la uso.

Hussein, ambaye alikuwa ameshaingia kwenye gari na kupandisha vioo, akateremsha kioo kidogo na kusema, "Inafanya kazi akiwepo Mama Happiness." Akapandisha tena.

Tulicheka. Yusrah peke yake hakucheka. Alikwenda kugonga kioo cha gari, akamwambia Hussein arudie alichosema. Hussein alirudia kwa kupitia ufa wa kioo, akidhani anatafutiwa barua ya onyo.

Yusrah hakulumbana na mtu. Alianza kutuweka mmojammoja, kila mtu na banda lake, mbali na mwenzake kiasi cha kutosikia anavyolalamika. Tulipakwa dawa ileile ya kwenye makopo. Ndani ya majuma mawili jibu likawa mezani na lilikuwa limevimba. Mbu akikuta watu wengi wamepakwa na mmoja hajapakwa, anakwenda kwa yule mmoja, hasa mmoja huyo akiwa mtamu kama Mama Happiness. Akikosa mtu mtupu, anajikaza anakula wa dawa. Mafuta yetu yalikuwa yananukia vizuri, yanapendeza, lakini nguvu zake zilikuwa kidogo mno. Kilichokuwa kinatulinda miaka yote ni mwanamke mmoja wa Kidete aliyekaa katikati.

Lazima isemwe hapa kwa haki kwamba Daktari Nassir hakumtuma mtu. Alizunguka mwenyewe kwenye nyumba za wageni za Mikumi, mlango kwa mlango, akikusanya makopo na kuomba radhi, na kwa Bi Joyce alikaa kibarazani akisemwa mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo tunamsalimia kwa heshima ya kweli. Ile ya zamani ilikuwa ya kazini tu.

Mama Happiness aliporudi kutoka Tukuyu alikutana nasi getini, wote tunaongea kwa pamoja. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la kivumbasha. Alicheka sana. Halafu akaacha.

"Kwa hiyo miaka yote hii dawa ni mimi."

Akatuangalia mmojammoja.

"Na dawa yangu mimi ni nani?"

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka ana kazi mahali. Hussein akaenda kuosha gari lililokuwa limeoshwa. Sisi tukaanza kutwanga majani yaliyokwisha kutwangwa. Daktari Nassir peke yake hakupata pa kwenda kwa sababu ofisi ni yake na alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipakeni," Mama akamwambia.

"Mama Happiness, unajua kanuni ya mguu mtupu..."

"Kanuni imeliwa pamoja na wageni, daktari. Nipakeni. Mnapakana nyie kwa nyie miaka yote, mnatafuta dawa ya watu ambao mbu wala hawawataki. Mkipata ya kwangu, mmepata ya kila mtu. Na mimi sitoki hapa kituoni kabla sijakaa nje kwangu."

Yusrah akasema hiyo ndiyo sayansi. Mama akasema hajui, yeye anataka kukaa nje.

Basi ukapatikana mpango. Mguu wa kushoto ukawa wa dawa, wa kulia ukabaki mtupu, kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha wavu ili mbu wasichague. Na hakuna kopo lingetoka getini mpaka mguu wa kushoto useme ndiyo. Ulichukua muda mrefu kusema, na njiani ulisema mengine.

Mchanganyiko wa kwanza ulimgeuza rangi. Ilikuwa kuelekea Pasaka, na mguu mmoja wa kijani ulipoingia kanisani mchungaji alipoteza mstari aliokuwa anausoma. Mchanganyiko uliofuata tulizidisha mchaichai. Mama alinusa akasema, "Hii ni chai. Leteni na mkate." Akapanda nayo bodaboda kwenda stesheni ya Kimamba, na akiwa anasubiri pale, mbuzi wa watu wakaja kumlamba. Mmoja alimfuata mpaka mlango wa behewa na mwenye mbuzi akaja kumdai kama vile ameibwa. Tukahamia mwarobaini. Mbu waliondoka, ni kweli, lakini na watu waliondoka. Hussein alimrudisha kutoka Mikumi akiwa ametoa kichwa nje ya dirisha njia nzima, na askari wa barabarani pale mbugani, mahali pa kusimamisha magari kwa ajili ya wanyama, akalisimamisha gari letu kwa ajili ya harufu. Kuna mchanganyiko mmoja tuliutia nta ya moto mno, ukaganda na sketi, na hadithi ya namna sketi ilivyotoka ni ya mstaafu mwenyewe, aisimulie akitaka.

Hukumu zake zilikuwa fupi na hazikuwa na rufaa. Wasomi walikuja na majedwali yao, yeye akaangalia mguu wake akasema, "Bado." Yusrah alianza kuiota hiyo bado. Shida haikuwa kufukuza, shida ilikuwa kudumu. Harufu ilikuwa inaruka upesi. Kwa mtu wa kawaida kama sisi ilitosha, kwake mbu walikuwa wanasubiri pembeni kama watu wanaosubiri pilau ifunuliwe. Mwishowe dawa ilipatikana kwa kurudi kwenye kivumbasha, kile kinachokatwa kikiwa kimetoa maua, na nta ya nyuki kidogo, ya vuguvugu, ili harufu itoke polepole. Tulitwanga kivumbasha hicho mpaka usingizini tukawa tunanuka mboga. Siku mguu wa kushoto ulipokaa jioni nzima na mrija ukabaki mweupe, Mama Happiness hakusema ndiyo. Alisema, "Hapa ni Mikumi. Nataka nione kwangu."

Yusrah akakubali, akasema kwa jioni hiyo moja miguu yote miwili ipakwe.

Tulikwenda Kidete watu wachache, na stuli na mirija. Mzee Damiano alikuwa ameshakaa kibarazani, redio iko magotini, mpira umeanza. Tukaamkia, akaitikia, akatusogezea mkeka. Jua lilikuwa limefika kwenye miti ya ng'ambo ya mto. Mama alikuwa anakusanya vikombe kama kawaida yake. Akavipeleka ndani. Halafu akatoka, akakaa kwenye stuli, akanyoosha miguu.

Mzee akamtazama, akatazama dirisha.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimekuja kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Hapa, Baba Happiness. Kwani kiwanja chako peke yako?"

Mbu wakaja, tuliwasikia kabla ya kuwaona. Yusrah aliinama na mrija, hapumui. Walizunguka miguu ile kama wateja wanaoshangaa duka wanalolijua limefungwa. Wawili walitua, wakaruka palepale. Wengine hawakuthubutu. Mama hakuangalia chini hata mara moja, alikuwa anaangalia mto.

Halafu tukasikia kofi. Mzee Damiano alikuwa amejipiga kwenye shavu la mguu. Kofi la pili likaangukia shingoni, la tatu sikioni, na redio ikaanguka.

"Hawa mbu wa leo wametoka wapi? Mbona hawana adabu?"

"Ni walewale," mkewe akamwambia. "Wamekuja kwangu wamekuta pamefungwa."

"Lakini mimi huwa hawanigusi."

"Huwa. Waambie hiyo damu ya reli, labda hawajasikia."

Mzee alijitahidi, tumpe haki yake. Alivumilia mpaka mapumziko ya mpira. Kipindi cha pili kilipoanza aliokota redio, akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa nyuma ya wavu wa dirisha, mahali ambapo mkewe alikaa ndoa nzima. Baadaye sauti ikatoka dirishani, ya upole ambayo hatukujua anayo.

"Mama Happiness."

"Abee."

"Huku ndani kuna joto."

"Najua."

"Kumbe hata redio haisikiki vizuri."

"Najua, Baba Happiness."

Hakuna aliyecheka, hata Hussein. Wakati huo ikaja treni ya mizigo kutoka upande wa Kilosa. Tuliisikia mbali, kisha taa yake ikatokea kwenye kona, ikapiga maji ya mto, yakang'aa, ikapita na mabehewa yake hapo mbele yetu. Mama Happiness alikuwa amesimama. Ameolewa na mtu wa reli, amezaa na kulea kando ya reli, na kila siku giza likiingia ameijua treni hiyo kwa namna vyombo vinavyogongana kabatini.

"Taa zake huwa zinapita kwenye maji hivi?" akauliza.

"Siku zote," mzee akajibu kutoka dirishani. "Nilidhani unajua."

Akakaa. Akasema ndiyo. Yusrah akamuuliza ndiyo nini, akasema, "Ndiyo, dawa imekubali. Andika." Kisha akachukua kopo, akaenda dirishani, akamwambia mumewe atoke nje apakwe.

Hayo ndiyo mafanikio ya utumishi wake, na makopo yaliyopo leo kwenye vyumba vya Bi Joyce ni ya mguu ule. Lakini jioni ya Kidete ilikuwa moja tu. Kesho yake alirudi kazini na mguu wa kulia ukarudi kuwa mtupu, maana kila pipa jipya lazima lilinganishwe, na hakukuwa na mwingine. Mpaka leo tunapoandika bado giza likiingia anakimbilia ndani kwa ajili ya mguu mmoja. Nafasi yake imetangazwa mara mbili. Hakuna aliyeomba. Vipimo vya Yusrah vinaonyesha kwamba mtamu wa pili humu ni Hussein, naye amekumbuka ghafla kwamba ana mzio.

Kamati ya sherehe ilipendekeza mstaafu azawadiwe chandarua. Tunawasamehe, ni watu wa ofisini. Sisi wa kinu, pamoja na Hussein, tulikataa tukasema tutatoa zawadi yetu. Ni viti viwili vya mninga vyenye mikono, alivyovichonga fundi wa hapa Kimamba, vya kukaa nje na si vya sebuleni. Tumeambatanisha makopo ya kutosha, na moja limeandikwa jina la Mzee Damiano kwa herufi kubwa, licha ya grisi iliyomo damuni mwake.

Mama Happiness, asante kwa damu. Wengine husema hivyo kwa mfano, sisi tunasema tulivyoona. Asante kwa kukaa katikati wakati tulikuwa tunajisifia mafuta yetu. Asante kwa kila bado uliyotuambia. Tangu tarehe moja Julai mbu wa Mikumi watatugawana sisi, na tutakukumbuka kila jioni, kwa makofi.

Tunakutakia maisha mema yenye miguu miwili iliyopakwa. Vyombo vikianza kugongana kabatini, usiinuke kwenda kuviangalia. Kaa nje, Mama. Treni ndiyo inakuja.